Ibada ya Kuzika Mkono

Kitabu cha sala hakina ibada ya kuzika mkono.
Padri Kolumba alilamba kidole, akapekua,
akapita ndoa, akapita wagonjwa, akapita kuombea mvua,
akakifunga. "Basi," akasema, "tuseme Baba Yetu."
Tukasema, watu sita, kwenye shimo dogo
kama la kupandia mgomba,
mkono wa mume wangu ndani ya kanga yangu ya harusi,
yeye mwenyewe yuko Bombo, kitanda cha ukutani,
hajui kama ni Jumatatu au ni Pasaka.

Nilipofika *mapenzi yako yatimizwe*
ulimi uligoma kama punda darajani.
Nikaruka. Nikaangukia kwenye mkate.
Tangu siku ile naruka.

Korona haikumchukia. Naijua mashine ile,
singa zake nimezianika miaka tisa.
Inakula jani, inatema uzi.
Haikuuliza kama lile ni jani au ni Aidano
aliyekesha na mtoto mwenye homa
akasinzia kidogo, kidogo cha kupepesa jicho.

Ofisini wanasema faili limekwenda Korogwe.
Nikifika Korogwe, faili limerudi Muheza.
Faili lina nauli. Sisi hatuna.

Wakaja wa kufariji.
Mama Semkiwa alileta sukari nusu kilo na neno:
Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba.
Nikamtazama mikono. Ilikuwa miwili.
Bi Mwanahamisi wa nyumba ya pili hakusema kitu,
alichukua ndoo yangu akaenda kisimani,
na kesho yake, na kesho kutwa.

Usiku vidole visivyokuwepo vinamwasha.
"Nikune," ananiambia gizani, "kile cha shahada."
Nikune wapi?
Nakuna godoro, pale ambapo mkono ungelala,
nasogea, nakuna hewa,
mpaka anasema, "Hapo. Hapo hapo,"
na pumzi yake inatulia.
Kama hiyo si sala
basi mimi sijapata kusali.

Bwana, nikwambie kweli, naogopa.
Naogopa Januari na sare za Perpetua na Danstani.
Naogopa hatua za meneja uani, akija kuidai nyumba ya kampuni.
Na zaidi naogopa siku nitakayoacha kukukasirikia,
maana anayegombana bado yumo nyumbani;
aliyenyamaza, mtafute barabarani.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima akataka kwenda kanisani.
Nilimfunga vifungo, nikaubana mkono wa shati kwa pini.
Kengele, iliyokuwa kazi yake, alipiga kijana wa watu,
haipigi, anaigonga kama sufuria.
Aidano akakunja uso, karibu acheke.

*Kwa jina la Baba.*
Nikaona kigutu kinapanda.
Kikasimama mbele ya paji, shubiri moja hivi,
kikashuka kifuani, bega, bega,
polepole, hakikuruka mahali.
Mkono wa kushoto, mzima, umelala pajani.
Tukiwa njiani nilimuuliza, mbona hukutumia huo?
"Ule ndio unaoijua njia," alisema,
akapiga jiwe teke.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kabla yake
tulifika kwenye Baba Yetu, nikafika pangu pa kuruka,
nikafumba mdomo.
Wengine wakausema. Wazee, watoto, kijana wa kengele,
Mama Semkiwa kwa sauti yake ya pua,
na Aidano.
Mstari ukapita juu ya kichwa changu
kama gunia la mahindi linapovushwa Zigi imejaa,
bega kwa bega, lisilowe,
na mimi ndani ya maji, shingoni, sibebi kitu.

Nikaukuta ng'ambo.
*Utupe leo*, nikasema.